Kiharusi na Demensia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kujikinga

Kiharusi ni nini, na demensia ni nini?

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu kwa ghafla, ama kwa sababu mshipa umezibwa na damu iliyoganda, ama kwa sababu mshipa umepasuka na damu ikavuja ndani ya kichwa. Wengi huuita ugonjwa huu "kupooza", lakini kupooza ni dalili tu, tena haipo kwa kila mgonjwa, kwani mtu anaweza kupoteza usemi au uwezo wa kuona upande mmoja huku mikono na miguu yake ikiwa na nguvu zote.

Demensia si ugonjwa mmoja. Ni jina la hali ambayo kumbukumbu, lugha, uamuzi na uwezo wa kujihudumia hudhoofika kidogo kidogo mpaka mtu anashindwa kuendesha maisha yake mwenyewe. Chanzo kikuu ni ugonjwa wa Alzheimer, unaoua seli za ubongo taratibu, na kinachofuata ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo. Kwa wazee wengi vyanzo hivyo viwili hukutana katika kichwa kimoja.

Kwa nini magonjwa haya mawili yazungumzwe pamoja?

Kwa sababu njia yao ni moja, yaani mishipa ya damu. Shinikizo kubwa la damu, ambalo sote tunaliita presha, hukakamaza mishipa myembamba iliyo ndani kabisa ya ubongo. Mshipa mmoja ukiziba au kupasuka mahali penye kazi kubwa, familia nzima itajua siku hiyohiyo. Ikiziba ile midogo, mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao, hakuna atakayeona kitu, ila baada ya miaka kumi mtu aliyekuwa mwepesi wa hesabu dukani anaanza kurudisha chenji isiyo sahihi. Kiharusi chenyewe pia hufungua mlango wa demensia: takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hupata demensia mpya baada ya kiharusi cha kwanza, na viharusi vikijirudia idadi hiyo hupita theluthi moja.

Je, kusahau si uzee tu?

Uzee hupunguza kasi ya kukumbuka, lakini haumfanyi mtu apotee akitoka msikitini kwenda nyumbani kwa njia aliyoipita miaka arobaini. Kusahau ulipoweka miwani ni jambo la kawaida, ila kuishika miwani mkononi na kutojua ni kitu cha kufanyia nini si kawaida hata kidogo. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta demensia kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Tafsiri yake ni kwamba zaidi ya wazee tisa katika kila kumi hawakuwa nayo, hivyo kauli ya "mzee amerudia utoto" isitumike kufunga mjadala kabla mzee hajapimwa. Baadhi ya visababishi vya kuchanganyikiwa vinatibika, kama vile maambukizi, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingo, sonona, na hata dawa zilizozidi.

Lipo na jambo jingine ambalo ni la aibu kwetu. Katika baadhi ya vijiji vya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, yaliyotokana na moshi wa kuni wa miaka mingi, yalihesabiwa kuwa ushahidi. Bibi anayezungumza peke yake usiku na kutangatanga uani anastahili kupelekwa hospitali.

Wapo wanaosema kiharusi ni jini au kutupiwa kitu. Kuna ukweli gani?

Imani hii si ya vijijini kama wengi wanavyodhani. Watafiti waliolinganisha Hai na Dar es Salaam, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2008, waligundua kuwa watu wa mjini ndio waliotaja zaidi mapepo na uchawi, ilhali wale wa Hai walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Chanzo cha imani hiyo kinaeleweka, maana ugonjwa unaomwangusha mtu mzima dakika moja, bila homa wala maumivu ya kutangulia, unafanana kabisa na kupigwa na kitu kisichoonekana. Dua na maombi hayana mgongano na hospitali. Mgongano upo katika saa zinazopotea, kwa kuwa mgonjwa akipelekwa kwa mganga kwanza ndipo hospitali siku ya tatu, muda wa kutoa tiba nyingi huwa umeshapita.

Hali ikoje katika maeneo yetu?

Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 mradi wa kuhesabu viharusi ulifuatilia wakazi wa Hai na wa sehemu ya Dar es Salaam, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na viharusi takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam takriban 316. Idadi hiyo ya Dar es Salaam ilizidi zile zilizokuwa zikiripotiwa katika nchi nyingi tajiri. Watu wa kijijini na wa mjini ni Watanzania wale wale, kwa hiyo tofauti ya namna hii inaelekeza kidole kwenye mazingira na mwenendo wa maisha kuliko kwenye damu ya ukoo.

Ni kiasi gani kinaweza kuzuilika?

Utafiti mkubwa wa INTERSTROKE, uliohusisha nchi 32 katika awamu yake ya mwaka 2016, ulionyesha kuwa mambo kumi yanayoweza kubadilishwa yanahusiana na takriban sehemu tisa kati ya kumi za hatari ya kiharusi, na presha iliongoza orodha. Kwa upande wa demensia, jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kuwa takriban asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 ya hatari yangeshughulikiwa tangu utotoni hadi uzeeni. Hayo ni makadirio ya jamii nzima, na hayampi mtu mmoja mmoja dhamana. Wapo watu waliojitunza vizuri wakaugua, na hawakukosea popote.

Nikiwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu, lipi litangulie?

Kupima presha, kuandika namba, na kutibiwa ikiwa iko juu hata kama unajisikia mzima. Kushusha ile namba ya juu, yaani ya kwanza kati ya mbili zinazosomwa, kwa 10 tu (mfano kutoka 150 hadi 140) hupunguza hatari ya kiharusi kwa zaidi ya robo, na hakuna tunda, mzizi wala zoezi linalofikia hapo likiwa peke yake.

Shida ya presha ni kwamba haiumi. Kichwa hakigongi, moyo haudundi, na mtu hubeba 180 kwa 110 akienda sokoni na kurudi. Kwenye kliniki za presha utawaona wagonjwa wameshika daftari za shule ambazo ndizo faili zao. Niliwahi kulifungua daftari la jamaa yangu mmoja: Januari 168/102, Februari 150/94, Machi 138/86, kisha kurasa tupu. Nilipomuuliza akasema, "Namba zilikaa sawa, nikaona nimepona." Ukurasa uliofuata ulikuwa wa Septemba, wenye mwandiko wa daktari wa wodi. Namba zilikaa sawa kwa sababu ya vidonge, na kwa wagonjwa walio wengi dawa hizi ni za kudumu. Ikiwa zinakuvimbisha miguu au zinakufanya ukohoe, mwambie daktari akubadilishie, kwani zipo za aina nyingi. Kuziacha kimyakimya ndilo kosa linalotuzikia watu.

Upimaji wenyewe una adabu zake. Kojoa kwanza, kaa kitini dakika tano mgongo ukiwa umeegemea, weka nyayo zote mbili sakafuni bila kukunja nne, laza mkono mezani usawa wa moyo, vaza mkanda kwenye ngozi tupu wala si juu ya shati, na usizungumze. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi kinachojirudia siku tofauti ndicho kinachohesabiwa kuwa presha ya juu, na mashine ya nyumbani ikionyesha 135 kwa 85 mara kwa mara, muone mtaalamu.

Kuhusu kumbukumbu, majaribio ya SPRINT ya nchini Marekani yalionyesha mwaka 2019 kuwa kundi lililoshushwa presha mpaka chini ya 120 lilipata dalili za awali za kudhoofika kwa akili kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 19 kuliko lililolengwa chini ya 140. Kwa demensia kamili tofauti haikutosha kuthibitika. Hata hivyo lengo la kila mgonjwa hupangwa na daktari wake, kwa kuwa mzee anayepata kizunguzungu akisimama anaweza kudhurika kwa kushushwa kupita kiasi.

Chumvi kiasi gani ni nyingi?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, zikijumlishwa zilizomo ndani ya mkate, vitafunwa na viungo vya pakiti. Ushauri huu husikika kila mahali na hautekelezeki, maana hakuna mpishi anayepima chumvi kwa gramu. Kwa hiyo jaribu njia hii: siku unayofungua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Familia ya watu wazima watano, kila mmoja akila gramu 5, hutumia gramu 25 kwa siku, hivyo pakiti hiyo inapaswa kufika siku 20. Ikiisha siku ya kumi, mmekula mara mbili ya kiwango, kabla ya kuhesabu mkate wa asubuhi. Hesabu hii ina mapengo yake, kwa kuwa chumvi nyingine humwagwa na maji ya kuchemshia, lakini inatosha kumshtua mwenye nyumba.

Kwa watu wa pwani, ng'onda na papa mkavu hubeba chumvi nyingi, basi ni vyema kuloweka usiku, kumwaga maji yale, na kutotia chumvi nyingine katika mchuzi. Ndimu, tangawizi, bizari, pilipili manga na kitunguu saumu hufidia ladha vizuri sana, tena ulimi huzoea baada ya wiki chache. Chumvi mnayobaki nayo iendelee kuwa ile yenye madini joto. Na kile kikopo cha chumvi kinachokaa mezani penye chipsi na nyama choma kirudi jikoni.

Nchini China, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha vijiji 600; watu wa nusu ya vijiji hivyo walipewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu, na viharusi kwao vikapungua kwa asilimia 14 kuliko kwa walioendelea na chumvi ya kawaida. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazopandisha potasiamu, asiiguse kabla ya kumuuliza daktari.

Nile nini basi?

Chakula chetu cha zamani hakikuwa kibaya: mchicha, kisamvu, kunde, maharage, samaki, mihogo, ugali wa dona. Kilichoharibika ni kukaanga kila kitu, soda kuwa maji ya kunywa, na mlima wa wali wenye kijiko kimoja cha mboga. Jaza nusu ya sahani kwa mboga, punguza wanga, kula samaki na jamii ya kunde mara nyingi kuliko nyama nyekundu, na tunda liliwe lenyewe badala ya kusagwa juisi na kutiwa sukari. Mafuta yaliyokaangia viazi tangu asubuhi yasirudi kikaangoni.

Ninalima na kutembea sana. Bado ninahitaji mazoezi?

Ikiwa kazi yako inakutoa jasho na kukuongezea pumzi siku nyingi za wiki, huenda umeshatimiza kiwango, ambacho ni dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki. Anayehitaji kuambiwa ni yule anayekaa dukani tangu saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, au dereva, au mtu wa ofisini. Kwao, kushuka kituo kimoja kabla ya kufika nyumbani na kutembea kwa haraka, kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba, ni mwanzo mzuri usiogharimu kitu.

Sukari, tumbaku na pombe vina nafasi gani?

Vyote huharibu mishipa. Kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari ya kiharusi na ya demensia pia. Sigara ni mbaya, shisha si maji ya waridi, na hatari hushuka tangu miaka ya mwanzo baada ya kuacha. Pombe hupandisha presha, na hakuna sababu ya kiafya ya kumfanya asiyekunywa aanze.

Je, kijana ana haja ya kuhangaika?

Anayo, na hapa ndipo bara letu linapotofautiana na vitabu vya Ulaya. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi kabla hata ya kuanza shule, hivyo kliniki na dawa ya haidroksiurea ni sehemu ya kinga. Ugonjwa wa moyo unaoanzia kwenye mafindofindo yasiyotibiwa huharibu vali za moyo, damu ikaganda humo na kurushwa kichwani. Mwenye virusi vya UKIMWI yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko wenzake wa rika lake, na kutumia dawa zake bila kukatisha humsaidia.

Kwa wanawake, aliyewahi kupata kifafa cha mimba apimwe presha kila mwaka maisha yake yote, kwa sababu mwili umeshampa onyo. Mwenye presha ya juu au anayevuta sigara asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni bila ushauri, kwani zipo njia nyingine salama.

Na kwa vijana na wazee kwa pamoja: vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, vinavyonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya mgongo na magoti kama pipi, hupandisha presha na kuumiza figo vikitumiwa kwa muda mrefu.

Masikio na upweke vinahusiana vipi na ubongo?

Asiyesikia vizuri hujitenga barazani, na ubongo usiosemeshwa hudhoofika. Kutosikia kusikotibiwa ni miongoni mwa mambo 14 yaliyotajwa hapo juu, pamoja na kutoona vizuri, sonona, kujitenga na watu, hewa chafu, elimu haba utotoni na kuumia kichwa. Nta iliyoziba sikio huondolewa kwa dakika chache kwenye kituo cha afya, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Abiria wa bodaboda avae kofia ngumu hata safari ikiwa ya kwenda gengeni tu. Bao, kadi, vikoba, kwaya na darasa la Kurani vyote huushughulisha ubongo, na mzee asinyang'anywe kazi zote kwa kisingizio cha kumheshimu.

Mlonge, kitunguu saumu na vidonge vya kuongeza kumbukumbu vinasaidia?

Vile viwili vya kwanza ni chakula kizuri, basi viliwe. Chai ya choya hushusha presha kidogo, lakini haichukui nafasi ya dawa. Vidonge vya kumbukumbu vya mmea wa ginkgo, vinavyouzwa kwa bei ya kukera, vilijaribiwa Marekani kwa zaidi ya wazee 3,000 na ikatangazwa mwaka 2008 kuwa havikuzuia demensia. Pesa hiyo ingetosha kununulia mashine ya presha.

Nifanye nini na dawa zangu mwezi wa Ramadhani?

Usiache na usijipangie. Wiki kadhaa kabla ya mfungo, nenda kwa daktari, kwa kuwa dawa nyingi za presha humezwa mara moja kwa siku na zinaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku. Aliyetoka kupata kiharusi karibuni, au ambaye sukari yake haijatulia, huenda akashauriwa asifunge, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Wakati wa futari, uji, tende chache na mboga vitangulie sambusa na kaimati.

Nitamjuaje mtu aliyepatwa na kiharusi, na nifanye nini?

Mwambie atabasamu, uone kama mdomo umepinda. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka wenyewe. Mwambie aseme sentensi fupi, usikilize kama maneno yanavurugika. Dalili moja ikitokea ghafla inatosha, hata ikiondoka baada ya dakika kumi, kwa sababu kiharusi cha kupita mara nyingi hufuatwa na kikubwa ndani ya siku chache.

Usimpe maji, chai wala kidonge, maana anaweza kupaliwa. Usimpe asprini, kwani pasipo picha ya kichwa hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka. Usimkande kwa maji ya moto, usimchanje. Mlaze ubavu ikiwa fahamu zimepungua, tafuta gari, na umpeleke moja kwa moja hospitali kubwa yenye kipimo cha CT scan, yaani mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, kama ipo karibu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kila dakika inayopita ubongo hupoteza wastani wa seli milioni 1.9. Swali la kwanza la daktari litakuwa mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima saa ngapi, kwa hiyo kabla hamjatoka nyumbani mmoja wenu aandike saa hiyo kwenye kiganja chake, na mwingine achukue daftari la kliniki na dawa zote anazotumia mgonjwa.